Homoni kwenye Michungwa ya Muheza: Faida Yake Kubwa ni Muda

Katika kila maua 100 ya mchungwa, yanayofikia kuwa machungwa ya kuchumwa kwa kawaida hayazidi mawili. Yaliyobaki hudondoka, mengine yakiwa bado maua, mengine yakiwa vitumba vya ukubwa wa punje ya kunde, mengine yakiwa yamekwisha kufikia ukubwa wa ndimu. Mkulima wa Mkuzi au Potwe, wilayani Muheza, huyaona chini ya miti yake kila msimu, na kila msimu yanamuuma. Hapo ndipo muuzaji wa pembejeo anapomkuta. Anamtolea kichupa au kipakiti, anamwambia hii ni busta yenye homoni: ukipiga, maua hayadondoki, matunda yanakuwa makubwa, hata mti uliodhoofika unapona.

Mimi si mpinzani wa homoni, yaani kemikali zinazouongoza ukuaji wa mmea. Naamini zina kazi ya kufanya katika mashamba ya machungwa ya Tanga, mkoa unaoongoza kwa zao hili nchini. Lakini kazi hiyo siyo ile inayotangazwa dukani. Mkulima wa Muheza hana shida ya uchache wa machungwa katika msimu mkubwa. Shida yake ni kwamba yote yanakuwa tayari wakati mmoja na ya jirani, malori yanachagua, bei inaanguka, na yeye hana pa kuyaweka. Homoni inayoweza kumsaidia ni ile itakayomwongezea majuma kadhaa ya kusubiri. Hili ndilo ninalotaka kulitetea hapa, pamoja na masharti yake, maana bila masharti hayo fedha itamwagwa juu ya majani bure.

Tuanze na kudondoka kwenyewe. Tunda changa linapokua, mbegu na nyama yake hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo husafiri kupitia kikonyo kurudi kwenye tawi. Mradi mkondo huo unaendelea, seli za pale tunda linaposhikana na kikonyo hubaki zimeshikamana. Mkondo ukipungua, seli zile huanza kuitikia homoni nyingine, ethilini, ambayo ni gesi. Gundi iliyozishikanisha huyeyuka, na tunda linaanguka kwa uzito wake au kwa upepo mdogo tu. Kwa nini mkondo upungue? Mara nyingi ni kwa sababu mti hauna sukari ya kutosha kulisha vitumba vyote. Njaa hiyo, au kiu ya ukame, hupandisha asidi ya absisiki, homoni ya taabu, nayo huamsha ethilini. Mti unapunguza watoto ili uwalee waliobaki. Sehemu kubwa ya kudondoka huko ni hesabu sahihi ya mti, wala hakuna dawa inayopaswa kuizuia.

Ndiyo maana nasema homoni ni amri, siyo chakula. Unaweza kuuamuru mti ushikilie vitumba vyote, lakini kama majani ni machache na mizizi imeoza, vitumba vile vitabaki vidogo, vigumu na vyenye maji machache, au vitaanguka baadaye vikiwa vimekwisha kula nguvu ya mti. Hakuna homoni inayotia sukari ndani ya chungwa. Sukari hutoka kwenye jani lenye afya lililopigwa na jua, maji na virutubisho hutoka kwenye mzizi, na hapo hakuna njia ya mkato.

Isitoshe, homoni nyingi ambazo mkulima anauziwa, mti wake unazitengeneza wenyewe ukitunzwa. Saitokinini, ile inayochochea seli kugawanyika na kulifanya jani lisizeeke upesi, hutengenezwa kwa wingi kwenye ncha za mizizi. Mkulima anayeweka samadi, anayetandaza majani makavu chini ya mti ili udongo usikauke, asiyeruhusu jembe likate mizizi ya juu wakati wa palizi, huyo tayari anaupatia mti wake saitokinini. Zinki nayo inahitajika ili mmea utengeneze oksini. Mchungwa uliopungukiwa zinki una alama ambayo yeyote anaweza kuiona: majani ya machipukizi ni madogo, membamba, yamejaa njano katikati ya mishipa iliyobaki kijani. Mti wa namna hiyo ukiupiga homoni ya dukani unamfokea mgonjwa. Upigwe zinki sulfeti kwenye majani machanga, upewe mbolea kwa vipimo vidogo mara kwa mara badala ya mara moja kwa mwaka, matawi makavu yapogolewe, kisha ndipo tuzungumze habari ya vichupa.

Jiberelini ndiyo homoni inayonivutia zaidi kwa mkoa wetu. Ilianza kujulikana kutokana na ugonjwa wa mpunga. Mwaka 1926 mtafiti Mjapani Eiichi Kurosawa, akiwa Taiwan, alionyesha kwamba kuvu fulani hutoa kitu kinachoifanya miche ya mpunga irefuke kupita kiasi mpaka ianguke. Mwaka 1935 kitu hicho kikapewa jina la jiberelini, na mpaka leo ile inayouzwa duniani hutengenezwa kwa kuvundika jamaa ya kuvu huyo huyo kwenye matangi. Kwenye michungwa, jiberelini ina tabia moja ya thamani kubwa: inalichelewesha ganda kuzeeka. Ikipigwa tunda likiwa limekomaa lakini ganda halijaanza kupoteza kijani, ganda hubaki gumu, mafuta yake hubaki, na tunda hushikilia mtini kwa muda mrefu zaidi bila kulainika.

Katika nchi za baridi wakulima wana sababu ya kuiogopa kidogo. Soko lao linataka chungwa la rangi ya chungwa, na jiberelini inachelewesha rangi hiyo, kwa hiyo baada ya kuchuma huwalazimu kuyafungia matunda kwenye vyumba vyenye ethilini ili kijani kitoke. Sisi hatuna kikwazo hicho. Usiku wa pwani hauna ubaridi wa kutosha kuondoa kijani kwenye ganda, na mlaji wa Tanga, Dar es Salaam hata Mombasa amezoea kumenya chungwa la kijani lenye maji matamu. Gharama kubwa ya jiberelini kwa mkulima wa California, kwa mkulima wa Muheza si gharama hata kidogo. Nashangaa kwamba hoja hii haisikiki katika semina za kilimo, kwa sababu ndiyo inayotupa nafasi ambayo wengine hawana.

Faida ya kusubiri ni kubwa kwa zao hili kuliko mengi. Chungwa haliivi baada ya kuchumwa. Halina wanga wa akiba wa kugeuka sukari kama ndizi au embe, kwa hiyo likichumwa changa litabaki hivyo hivyo, na wale wanaolivundika kwa kabaidi wanabadilisha ganda tu na kuhatarisha afya ya watu. Upande wa pili wa tabia hiyo ni kwamba chungwa lililokomaa linaweza kukaa mtini kwa muda likiwa zima. Kwa mkulima asiye na chumba cha baridi, mti ndio ghala lake. Jiberelini inaongeza uimara wa ghala hilo, haijengi jipya. Mipaka ipo: katika joto letu uchachu wa chungwa hushuka haraka, na likikaa mno linakuwa na utamu uliopooza, nyama yake inakauka upande wa kikonyo. Tena mti uliobebeshwa matunda kwa muda mrefu hutoa maua machache msimu unaofuata. Mwenye shamba asifikirie kusubiri miezi. Afikirie majuma, na kwa sehemu ya miti yake, si yote.

Kuna jambo la inzi pia. Kila mkulima wa Muheza anajua kidonda kidogo kwenye ganda, na funza anayetokea ndani wakati mnunuzi anakata chungwa la kuonja. Inzi wa matunda wa Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea haraka katika ukanda wetu, ameongeza hasara ambayo inzi wa asili walikuwa wanaileta. Sasa, watafiti wa Florida katika miaka ya 1980 walionyesha kwamba mabalungi yaliyopigwa jiberelini yalishambuliwa kidogo zaidi na inzi wa Karibiani, kwa sababu ganda lisilozeeka ni gumu kutobolewa na mafuta yake huwadhuru mayai na funza. Inzi wao si huyu wetu, na balungi si chungwa letu, lakini namna ya kazi ni ile ile ya ganda. Jambo hili linastahili kupimwa Muheza, huku mitego ya kuvutia madume, chambo cha protini na kufukia matunda yaliyoanguka vikiendelea kama kawaida. Na majimoto, wale chungu wanaojenga viota kwa majani ya mti, waachwe mtini. Wanauma, ndiyo, lakini wanawafukuza wadudu wengi kuliko dawa nyingi tunazonunua.

Hoja ya kwamba homoni huponya mti nayo ina asili yake, na inafaa tuijue ili tusidanganyike. Florida iliupata ugonjwa wa huanglongbing, wengi wanauita grini, mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna makasha milioni 242 ya machungwa, kila kasha likiwa na takriban kilo 41. Msimu wa 2022/23 halikufikisha hata makasha milioni 16. Vimbunga vilichangia, lakini mwuaji mkuu ni bakteria anayeishi kwenye mishipa inayopitisha sukari. Mishipa inaziba, mizizi inakosa chakula na inaweza kufa kwa kiasi cha theluthi hadi nusu kabla majani hayajaonyesha lolote, matunda yanadondoka kabla ya mavuno. Katika hali hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, akiwemo Tripti Vashisth, walijaribu kupiga jiberelini mara kadhaa kuanzia majira yao ya kabla ya baridi, kwenye michungwa ya aina ya Valencia iliyougua. Miti ikawa na majani mengi zaidi, na matunda yakashika vizuri zaidi. Lakini bakteria hakuondoka. Walichopata ni miti migonjwa yenye uwezo wa kuzaa kwa muda zaidi, pale inapolishwa na kumwagiliwa kwa uangalifu mkubwa.

Sisi tuna sababu ya kulitazama hilo kwa hofu. Aina ya Kiafrika ya ugonjwa huu inapenda ubaridi wa milimani na husumbuliwa na joto, kwa hiyo mabonde ya Muheza yalikuwa na kinga ya hali ya hewa. Aina ya Asia inastahimili joto, na mdudu anayeieneza vivyo hivyo. Taarifa ya kuonekana kwa mdudu huyo wa Asia hapa Tanzania ilichapishwa mwaka 2016. Ni mdudu mdogo wa kahawia, anakaa ameinua mkia juu ya machipukizi, anafyonza utomvu wake. Siku ugonjwa wenyewe utakapoenea kwenye mashamba ya pwani, maduka yatajaa vichupa vya uponyaji. Kitakachotuokoa ni miche safi ya kubebesha kutoka vitalu vilivyofungwa wavu, na macho ya wakulima yanayokagua machipukizi. Miche ya kununua kando ya barabara bila kujua macho yake ya kubebeshea yalikatwa kwenye mti upi ni hatari kuliko kukosa homoni yoyote.

Nirudi kwenye bomba la mgongoni, maana hapo ndipo madhara halisi yatakapotokea. Kipimo cha jiberelini kwa machungwa huwa karibu miligramu 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji. Kwa bomba la lita 20, miligramu 10 kwa lita ni gramu 0.2 ya homoni halisi. Hakuna mizani ya dukani inayopima kiasi hicho, na kizibo cha soda hakiwezi. Ni lazima kifungashio kije na kipimo chake, kikiandikwa kwa Kiswahili na kwa bomba la lita 20. Maji nayo yana neno: jiberelini huharibika kwenye maji yenye chokaa, ya namna inayopatikana katika visima vingi vya pwani, hivyo yanatakiwa yasiwe na ukali wa magadi, na mchanganyiko upigwe siku hiyo hiyo, usilazwe.

Hatari zaidi ni 2,4-D. Hii ni oksini ya kutengenezwa, na tangu miaka ya 1940 wakulima wa California wameitumia kwa kipimo kidogo sana kuzuia machungwa yaliyokomaa yasidondoke. Lakini kwetu inajulikana kama dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Kitu ni kile kile, tofauti ni kiasi. Tuseme mtu anatia mililita 100 za dawa ya magugu yenye gramu 720 kwa lita katika bomba la lita 20: anapata gramu 3.6 katika kila lita. Kipimo cha kuzuia kudondoka ni karibu gramu 0.02 kwa lita. Yaani ile ya magugu ni kali mara 180. Na sasa tazama jambo ambalo halisemwi: mililita 100 tu za mchanganyiko wa magugu zikibaki chini ya bomba lisilooshwa, ukalijaza maji lita 20 kwenda kupiga michungwa, tayari umeipiga miti yako karibu kipimo kizima cha homoni bila kujua. Ikitokea wakati wa machipukizi, majani yatajikunja na vitumba vitapotoka. Nawasihi wakulima wawe na bomba la magugu peke yake, lisiguse mchungwa kabisa. Na asitokee mtu wa kuchukua dawa ya magugu akaipunguza kwa makadirio ili aiite homoni.

Kuna ugumu mwingine usio na dawa ya dukani: kalenda. Miongozo mingi ya homoni imeandikwa kwa nchi ambako mchungwa huamshwa na baridi ya majira ya kipupwe na kuchanua mara moja. Kwetu mchungwa huamshwa na ukame. Unakaa na kiu katika kiangazi, mvua za masika au vuli zinapiga, maua yanatoka. Kwa sababu tuna misimu miwili ya mvua, mti mmoja unaweza kuwa na machungwa yaliyokomaa, vitumba na maua yanayojipanga kutoka, vyote kwa pamoja. Jiberelini ikipigwa wakati mti unaandaa maua, inayapunguza. Kwa hiyo atakayefuata karatasi ya Florida mwezi kwa mwezi anaweza kuokoa magunia ya msimu huu na kupoteza ya msimu ujao. Hesabu hii lazima ifanyike Muheza kwenyewe, kwa kufuata mvua za Muheza.

Nimeacha mwisho sharti ambalo naliona zito kuliko yote, kwa sababu halihusu mmea. Wakulima wengi huuza shamba likiwa na maua. Ada ya shule imefika, kuna mgonjwa nyumbani, mnunuzi anakuja na fedha mkononi, anazunguka shambani, anakadiria, analipa. Kuanzia hapo machungwa ni yake. Bei ikipanda ni yake. Sasa mkulima huyo akipiga jiberelini ili ganda lidumu na matunda yasubiri bei nzuri, amemfanyia nani kazi? Faida ya homoni hii inaonekana siku ya mwisho tu, na siku hiyo yeye si mwenye mali. Nawaonea uchungu watu wanaohimizwa kununua teknolojia ambayo faida yake imekwisha kuuzwa miezi kadhaa nyuma.

Sisemi aache kabisa kuuza mapema, maana shida haingoji mavuno. Nasema auze sehemu. Aweke alama miti atakayoiuza na maua yake, na mingine abaki nayo mpaka chungwa likomae, na homoni, kama atainunua, ipigwe kwenye hiyo aliyobaki nayo. Vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini, ambavyo tayari vinawakopesha watu fedha za biashara ndogo, vinaweza kutoa mkopo wa kipindi cha maua unaolipwa wakati wa mavuno. Mkopo huo ungefanya zaidi kwa ubora wa machungwa ya Muheza kuliko kichupa chochote, kwa sababu mtu ambaye bado ni mwenye tunda ndiye anayelipogolea mti, ndiye anayeokota yaliyoanguka.

Kwa upande wa serikali, vitu viwili vinawezekana bila bajeti kubwa. Kwanza, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, izifuatilie bidhaa hizi zinazouzwa kwa jina la busta. Kwa tafsiri ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kemikali ya kurekebisha ukuaji wa mmea ni kiuatilifu, haiwi mbolea kwa sababu tu mfungashaji amechora chungwa kubwa kwenye lebo. Kichupa kisichotaja jina la homoni na kiasi chake kisiruhusiwe dukani. Pili, kituo cha Mlingano cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kipo wilayani Muheza, kina watu wanaoujua udongo wa mahali hapo. Kichukue mashamba machache ya wakulima Mtindiro, Kilulu na Tongwe, miti ya umri mmoja. Mistari mingine ipigwe jiberelini kabla ganda halijaanza kugeuka, mingine ipigwe maji matupu. Kila juma yahesabiwe yaliyoanguka na yaliyotobolewa na inzi, yaonjwe, na iandikwe bei ambayo mnunuzi anaitoa siku hiyo kwa kila mstari. Msimu unaofuata yahesabiwe maua ya miti ile ile, kisha matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata kabla ya kiangazi kingine, na kipimo kiandikwe kwa bomba la lita 20.